Hadithi za Dunia-Sahani: Msomaji Aanze na Kitabu Gani?

Kitabu kilicho peke yake hakimtii msomaji wake mashaka ya mwanzo. Hukifungua ukurasa wa kwanza, akaendelea mpaka wa mwisho, akahukumu. Vitabu 41 vilivyotungwa na mtu mmoja juu ya ulimwengu mmoja ni jambo jingine. Hapo swali la mahali pa kuanzia si dogo, kwa maana aghalabu ndilo linaloamua kama msomaji atauingia ulimwengu huo na kuujua, ama atarudi mlangoni akidhani kuwa ndani hamna kitu. Ndivyo ilivyo kwa hadithi za mzaha na maajabu za Terry Pratchett, Mwingereza, ambazo kwa lugha yao zaitwa Discworld, na kwa Kiswahili zaweza kuitwa hadithi za Dunia-Sahani.

Makala haya yanaeleza jinsi hadithi hizo zilivyopangika, kwa nini kitabu kilichotangulia kutoka si lazima kiwe cha kutangulia kusomwa, na ni milango gani inayomfaa msomaji, hasa yule ambaye Kiingereza si lugha ya mamaye.

1. Mtunzi na kazi yake

Terry Pratchett alizaliwa tarehe 28 Aprili 1948 katika mji wa Beaconsfield, Uingereza. Aliacha shule mwaka 1965 akaingia kazi ya uandishi wa habari katika gazeti la jimbo lake. Baadaye alikuwa msemaji wa shirika la umeme la serikali, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwaeleza waandishi wa magazeti habari za vituo vya nguvu za atomiki. Kazi hizo mbili zilimfundisha mambo mawili yanayoonekana katika vitabu vyake vyote: kuandika kwa maneno yanayofahamika, na kutoyaamini upesi maneno ya wenye vyeo.

Kitabu cha kwanza cha Dunia-Sahani, The Colour of Magic, yaani Rangi ya Uchawi, kilitoka mwaka 1983. Cha mwisho, The Shepherd's Crown, yaani Taji la Mchungaji, kilitoka mwaka 2015 baada ya kufa kwake tarehe 12 Machi mwaka huo huo. Mnamo Desemba 2007 alikuwa ametangaza hadharani kwamba amepatwa na maradhi ya Alzheimer, yanayoharibu ubongo; walakini hakuiweka kalamu chini, na vitabu vyake vya mwisho alivitunga kwa kusema huku maneno yakiandikwa kwa niaba yake. Mwaka 2009 alipewa cheo cha Sir.

Dunia anayoisimulia ni bapa na ya mviringo kama sahani. Imewekwa juu ya migongo ya tembo wanne, nao tembo wamesimama juu ya gamba la kasa mkubwa mno anayeogelea polepole katika anga. Hapa Kiswahili kina faida ya kusema barabara: mnyama huyo ni kasa, mwenye mapezi ya kuogelea, wala si kobe wa nchi kavu. Kobe naye yumo katika hadithi hizi, lakini ni mwingine, na habari zake zitafuata.

Sura hiyo ya ulimwengu haikubuniwa na Pratchett peke yake. Masimulizi ya Bara Hindi yanawajua kasa na tembo waibebao dunia. Na katika vitabu vya Kiarabu vya maajabu ya viumbe, kama kile cha al-Qazwini wa karne ya 13, imesimuliwa juu ya fahali na samaki mkubwa walio chini ya ardhi. Alilofanya Pratchett ni kuyachukua masimulizi ya namna hiyo kana kwamba ni kweli tupu, kisha kuuliza: kama dunia ingekuwa hivyo, polisi wake wangefanyaje kazi? Posta yake je? Nani angelipa kodi? Humo ndimo kicheko kinamotoka. Mambo ni ya ajabu, lakini watu ni wale wale wa mtaani.

2. Hoja ya kufuata tarehe

Wako wasomaji wanaoshika kwamba vitabu visomwe kwa kufuata miaka ya kutoka kwake, kuanzia 1983 hadi 2015. Hoja yao ina uzito. Dunia-Sahani haikusimama mahali pamoja. Mji wake mkuu, Ankh-Morpork, katika vitabu vya kwanza ni mji wa zamani wa matope, wezi na panga. Katika The Truth, cha mwaka 2000, mji unapata gazeti la kwanza. Katika Going Postal, cha mwaka 2004, posta iliyokufa inafufuliwa. Katika Making Money, cha mwaka 2007, inakuja noti ya karatasi. Na katika Raising Steam, cha mwaka 2013, reli inatandazwa. Asomaye kwa tarehe huona mji ukikua mbele ya macho yake, kama aonavyo mzee aliyekaa barazani kwake miaka 30.

Hata hivyo hoja hii ina kasoro moja kubwa. Vitabu viwili vya kwanza, The Colour of Magic na The Light Fantastic cha mwaka 1986, ni dhihaka juu ya aina fulani ya riwaya zilizopendwa Uingereza na Marekani wakati huo, riwaya za mashujaa wenye mapanga, miungu wakorofi na mazimwi. Rincewind, mchawi asiyejua uchawi, ambaye ustadi wake wote ni kukimbia, anampeleka huku na huko Twoflower, mtalii wa kwanza wa dunia hiyo, huku sanduku la safari lenye mamia ya vijiguu likiwafuata na kuwameza maadui. Yanachekesha, lakini asiyezijua riwaya zinazodhihakiwa hupoteza nusu ya kicheko. Zaidi ya hayo, kisa chenyewe hakina mshikamano: ni vipande vinne vilivyofungwa pamoja, na mwisho wa kitabu cha kwanza unamwacha msomaji akining'inia mpaka akipate cha pili.

Wahenga walisema, mwanzo kokochi, mwisho nazi. Vitabu hivyo viwili ni kokochi. Mwenye kuionja kokochi akadhani ameijua nazi amejidhulumu, wala kosa si la mnazi. Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu mwenye fedha za kununua kitabu kimoja tu, au mwenye kuazima katika maktaba yenye vitabu vichache. Asipopendezwa na hicho kimoja hatarudi tena.

3. Matawi ya hadithi

Ili kufahamu mahali pengine pa kuanzia, yafaa ijulikane kwamba vitabu hivi havikufuatana kama viungo vya mnyororo mmoja. Vinafanana zaidi na mti wenye matawi. Kila tawi lina watu wake, na kila kitabu, isipokuwa vichache, kina kisa kilicho kamili.

Tawi la Rincewind ndilo la kwanza, nalo limekwisha kutajwa. Tawi la pili ni la wanawake wachawi wa nchi ya milima iitwayo Lancre, lenye vitabu sita. La tatu ni la Mauti, lenye vitabu vitano. La nne ni la askari wa mji wa Ankh-Morpork, lenye vitabu vinane. La tano ni la Tiffany Aching, binti wa wafugaji wa kondoo, lenye vitabu vitano vilivyoandikwa kwa ajili ya vijana. La sita ni la Moist von Lipwig, tapeli aliyeokolewa na kitanzi ili aifufue posta, lenye vitabu vitatu. Vinavyosalia vinajitegemea, ingawa watu wa matawi mengine hupita humo.

Basi kanuni iliyo bora ni hii: msomaji na achague tawi, aanze na kitabu cha kwanza cha tawi hilo, na ndani yake afuate tarehe. Kwa njia hiyo hapotezi kukua kwa watu wala kwa mji, na wakati huo huo haingii kwa mlango uliojengwa kabla fundi hajakomaa.

4. Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni Mort, cha mwaka 1987, kitabu kinachofungua tawi la Mauti. Kijana wa shamba, mwenye miguu mirefu na akili iliyojaa maswali, anapelekwa na babaye sokoni mahali wanapochaguliwa wanagenzi wa kazi. Kila kijana anapata bwana. Yeye anabaki peke yake mpaka usiku wa manane, ndipo anapokuja Mauti mwenyewe juu ya farasi mweupe na kumchukua awe mwanagenzi wake. Kazi ni kuzipokea roho za wanaokufa. Siku moja Mort anatumwa kwa binti mfalme ambaye ameandikiwa kuuawa, na badala ya kuipokea roho yake anamwua yule muuaji. Binti anabaki hai, lakini ulimwengu unaendelea kana kwamba amekufa. Watu wake mwenyewe wanasahau kuwa yupo. Wakati huo Mauti, aliyepata nafasi ya kupumzika, anazunguka kutafuta kinachowafurahisha wanadamu, na mwishowe anakipata kidogo katika kazi ya upishi.

Kitabu hiki kinafaa kwa sababu kina kisa kimoja kilichonyoka, hakidai ujuzi wa vitabu vingine, na kicheko chake kinatoka katika mambo ambayo kila mtu anayajua: kazi, mapenzi, na ajali isiyoepukika. Mauti wa Pratchett hana ukatili. Hafanyi haki wala dhuluma. Anafanya kazi yake kwa adabu. Msomaji wa pwani asimchanganye na Ziraili, kwa kuwa Ziraili ni malaika mwenye kutumwa, na huyu hana amtumaye aliye wazi. Jina la Mauti lamfaa zaidi. Katika maandishi ya Kiingereza hunena kwa herufi kubwa tupu, bila alama za kunukuu, kana kwamba sauti yake haipiti masikioni bali yaingia akilini moja kwa moja.

Mlango wa pili ni Guards! Guards!, cha mwaka 1989, unaofungua tawi la askari. Huu ndio mlango wa mtu anayependezwa na mambo ya serikali na haki. Nahodha Sam Vimes anaongoza kikosi cha zamu ya usiku ambacho hakiheshimiwi na mtu. Yeye mwenyewe ni mlevi, na askari wake ni wawili tu, mpaka anapowasili Carrot, kijana mkubwa wa mwili aliyelelewa na mbilikimo wa migodini, anayeamini kwamba sheria iliyoandikwa ni ya kufuatwa. Kundi la siri linaliita zimwi litoalo moto, ili wamtoe mtu wao alishinde na kuwa mfalme. Mpango unaharibika: zimwi linakaa lenyewe katika kiti cha enzi. Sehemu inayofuata ndiyo iliyo kali kuliko zote. Raia hawaasi. Siku baada ya siku wanatafuta maneno mazuri ya kuueleza uovu, mpaka unakuwa desturi.

Katika kitabu cha pili cha tawi hilo, Men at Arms cha mwaka 1993, Vimes anawaza juu ya viatu. Tajiri hununua viatu vya dola 50 vikamtumikia miaka 10. Maskini hana dola 50, hununua vya dola 10 vinavyotoboka baada ya msimu mmoja au miwili, na kwa miaka hiyo 10 hutumia dola 100 na bado miguu yake imelowa. Wazo hilo dogo, lililowekwa katika kitabu cha kuchekesha, lilishika watu hata mwaka 2022, bei za vyakula zilipopanda Uingereza, kipimo cha kupanda kwa bei za vitu vya maskini kikapewa jina la Vimes kwa idhini ya wasimamizi wa kazi za Pratchett.

Mlango wa tatu ni Wyrd Sisters, cha mwaka 1988. Mfalme anauawa na mtukufu anayechochewa na mkewe. Mzuka wa mfalme unabaki ngomeni. Mtoto wake mchanga anapewa wachezaji wa michezo ya kuigiza wamlee. Na wanawake watatu wachawi wanaingia katika mambo ya utawala bila kutaka. Aliyeisoma tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, katika tafsiri ya S. S. Mushi iitwayo Makbeth ya mwaka 1968, ameushika tayari ufunguo wa kitabu hiki. Atacheka pale asiyeisoma atakapopita bila kuona kitu. Upo mjadala wa kweli ndani yake: mwovu anaagiza mchezo utungwe ili kuwatia wachawi ubaya na kujisafisha mwenyewe, na inaonekana jinsi maneno yaliyotungwa vizuri yanavyoweza kushinda mambo yaliyotendeka.

Ifahamike kwamba tawi la wachawi lina kitabu kilichotangulia hicho, Equal Rites cha mwaka 1987, habari za msichana aliyerithishwa uchawi wa wanaume kwa makosa. Kinasomeka vizuri, lakini Nyanya Weatherwax, mhusika mkuu wa tawi, hajatimia bado humo. Hapa kanuni iliyotajwa juu yaweza kulegezwa pasipo hasara.

5. Neno "mchawi"

Msomaji wa Kiswahili akumbuke jambo moja kabla ya kuingia mlango huo wa tatu. Kiingereza kina maneno mawili, moja la mchawi mwanamume msomi na moja la mchawi mwanamke wa kijijini, na Pratchett amejenga matawi mawili juu ya tofauti hiyo. Kiswahili kina maneno mengi zaidi, lakini yamegawanywa kwa njia nyingine: hayatenganishi mume na mke, yanatenganisha anayedhuru na anayeponya. Mchawi hudhuru, mganga hutibu, mkunga huzalisha.

Sasa, kazi za Nyanya Weatherwax ni zipi? Anazalisha wanawake, anatibu wagonjwa, anakesha na wanaokufa, anaamua magomvi ya mipaka, na uchawi wenyewe anautumia kwa nadra sana, kwa kuwa anaona kujua wakati wa kutoutumia ndiyo elimu kubwa. Kwa mizani ya Kiswahili, huyo ni mganga na mkunga. Lakini akiitwa mganga tu, hofu ya jirani zake itakosa maana, maana wanamheshimu na kumwogopa pamoja; na yeye mwenyewe anajua kwamba angeweza kuwa mwovu, na kila siku anachagua kutokuwa. Basi msomaji alichukue neno mchawi bila kulihukumu mpaka aone matendo. Mtunzi alitaka hivyo hivyo hata kwa Waingereza, ambao neno lao nalo lina historia ya kuchomeana moto na kunyongana.

6. Milango ya watu maalumu

Kwa kijana, au mwalimu anayetafuta kitabu cha darasa, uko mlango wa nne: The Wee Free Men, cha mwaka 2003. Tiffany, msichana wa miaka tisa, anachukua kikaango cha chuma kwenda kumrudisha ndugu yake mdogo aliyeibwa na malkia wa majini, akisaidiwa na vijitu vya rangi ya buluu vinavyopenda ulevi, wizi na vita. Kimegawanywa kwa sura, tofauti na vitabu vingi vya Dunia-Sahani ambavyo huenda moja kwa moja bila sura, na hilo humsaidia msomaji mchanga kupumzika. Ugumu wake ni lugha ya vijitu hivyo, iliyofuata matamshi ya Kiskoti. Isomwe kwa sauti, itafahamika.

Kwa mtu anayetaka kitabu kimoja tu kisichomfunga na kingine, kipo Small Gods cha mwaka 1992. Hapo ndipo alipo yule kobe. Mungu wa taifa moja lenye dini kali anashuka duniani kwa fahari, akajikuta yu kobe asiye na nguvu, kwa sababu katika mamilioni wanaolitaja jina lake, mmoja tu ndiye anayemwamini kweli: Brutha, mwanafunzi mnyonge asiyesahau kitu. Wengine wanaliogopa baraza la mateso. Msomaji mcha Mungu asidhani kwamba anakejeliwa. Miungu ya Dunia-Sahani ni ya hadithi, na mshale wa kitabu unawaelekea wanaotumia dini kuwatesa wenzao. Mwenye imani ndiye anayetoka humo na heshima yake.

7. Vitabu vya kuahirishwa

Kama ilivyo milango mizuri, viko vyumba visivyofaa kuingiwa kwanza. Night Watch, cha mwaka 2002, husifiwa na wengi kuwa ndicho kilele cha kazi yote, na kwa sababu hiyo wageni hushawishiwa waanze nacho. Ni shauri baya. Humo Vimes anarudishwa nyuma miaka 30, akutane na ujana wake na mji uliokuwa chini ya dhuluma. Uchungu wa kitabu unatokana na kujua amepata nini na atapoteza nini asiporudi. Asiyejua hayo husoma kisa cha mapinduzi tu. Kadhalika The Shepherd's Crown kiwe cha mwisho kabisa, kwa kuwa ni kuagana, na hakuna kuagana pasipokuwa na kujuana.

Vitabu vya 1983 na 1986 navyo visitupwe. Aliyekwisha kusoma vinne au vitano na arudi kwa Rincewind na sanduku lake. Atayaona mambo kwa mara ya kwanza katika umbo lake la kitoto: Mauti akiwa bado mkorofi, mji ukiwa bado picha tu, na mtunzi akiwa anajaribu sauti. Yaliyokuwa mzigo mlangoni yatakuwa furaha uani.

8. Hitimisho

Kwa muhtasari: apendaye kisa kilichonyoka aanze na Mort, anayewaza habari za haki na utawala aanze na Guards! Guards!; aliyesoma Makbeth aanze na Wyrd Sisters; kijana aanze na The Wee Free Men; na mwenye nafasi ya kitabu kimoja tu achukue Small Gods. Kila mmoja afuate tawi lake kwa tarehe, aache Night Watch mpaka amjue Vimes, na The Shepherd's Crown mpaka mwisho.

Vitabu hivi vimeitwa vya mzaha, na mzaha ni rahisi kudharauliwa. Wasomaji wa Kiswahili waliomsoma Abunuwasi, au Safari za Gulliver katika tafsiri, wanajua kwamba mwenye kuchekesha mara nyingi ndiye anayepewa ruhusa ya kusema kweli mbele ya mfalme. Pratchett aliitumia ruhusa hiyo miaka 32. Shauri la mlango ni la kumsaidia msomaji asikose kumsikia. Lakini likizidi sana humchelewesha. Mchagua jembe si mkulima. Penye kitabu kimoja tu cha Dunia-Sahani rafuni, na hicho kisipokuwa cha kuagana, basi hicho ndicho cha kuanzia.